Rangi ya Chuma na Mikono ya Hawe Dama

Nimestaafu, na sitawaficha: nimefurahi. Asubuhi ya kwanza bila kazi niliamka nyumbani kwangu Port Reitz, nikasikia ndege ikishuka uwanjani, nikageukia upande wa pili nikalala tena. Sikuwaza grenda, sikuwaza gesi, sikuwaza mteja anayetaka rangi ya asali huku ameleta picha ya kitu cheusi kwenye simu yake. Nyinyi mliobaki karakana ya Changamwe mliniomba niwaandikie jinsi ya kukipa chuma rangi yake ya asili bila kukipaka chochote cha kopo. Nitawaandikia. Lakini mjue mapema kwamba ndani yake kuna kazi moja ya Miritini, ambapo mama mzee nusura afukuzwe nyumbani kwake, na pengine auawe, kwa sababu ya chuma nilichokitia rangi mimi. Furaha yangu ya kustaafu, nikiichunguza vizuri, sehemu yake kubwa inatoka hapo. Yule mama yu hai na anaishi kwake.

Niliingia karakana nikiwa msichana, wala si kwa mapenzi ya chuma. Niliajiriwa kufagia vumbi la grenda na kupaka redoksaidi, ile rangi nyekundu ya kwanza ya kuzuia kutu. Wanaume walichomelea, mimi nikapaka. Siku ya kwanza nilivaa viatu vyangu vya kanisani, kwa sababu mama yangu aliniambia mtu huenda kazini akiwa nadhifu. Kufikia chakula cha mchana viatu vilikuwa vyekundu. Mama aliviona. Aliviweka juani mbele ya mlango, wapita njia wote wavione, na vikakaa pale mpaka nikanunua vingine.

Aliyenitoa kwenye redoksaidi ni Fundi Saidi, mzee wa Kisauni, mwembamba, kofia haimtoki kichwani hata mbele ya moto. Kazi yake ilikuwa pembeni kabisa mwa karakana, penye kivuli, kwa kuwa rangi za moto hazionekani sawasawa kwenye jua kali. Wachomeleaji waliiita kazi ya mapambo, na walipoiita hivyo hawakuwa wakiisifu. Siku moja mzee alinikuta nimesimama nyuma yake na fagio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wataka nini hapa?"

"Nataka kuona rangi inatoka wapi."

"Haitoki popote, imo mumo humo. Sisi twaipa moto tu ijitokeze. Haya, weka fagio, shika brashi ya waya, usinisimamie kama askari."

Nikashika brashi. Sikulirudia fagio isipokuwa pale nilipotaka kumkwepa tajiri wetu, mwenye karakana, ambaye alikuwa na mazoea ya kuuliza kazi itakwisha lini.

Basi, rangi zenyewe. Chuma kikisafishwa kwa grenda na msasa mpaka kikawa cheupe, kisha ukakipitishia moto wa gesi polepole, hubadilika mbele ya macho yako. Kwanza huja rangi ya majani makavu, iliyopauka, ambayo asiyeijua huikosa kabisa. Kisha asali. Kisha kahawia, kisha zambarau, kisha samawati iliyokolea, kisha samawati nyepesi. Ukizidisha, hurudi kijivu, na hapo huna la kufanya ila kuanza upya na msasa. Fundi Saidi alinifundisha kuondoa moto kabla ya kufika rangi ninayoitaka, kwa kuwa joto lililobaki ndani huendelea kutembea. Ilinichukua muda mrefu kulielewa hilo. Nilikuwa nikiiona asali, naisubiri ikae, nayo inanipita mbio kwenda zambarau, na mzee anacheka mpaka anakohoa.

Alikuwa pia na njia ya kupata weusi usiochujuka. Alikifuta chuma kwa siki, akakiacha kiote kutu nyekundu, kisha akakitumbukiza kwenye pipa la maji yanayochemka. Ile kutu nyekundu hugeuka nyeusi tii. Unaipiga brashi, unarudia siki, unarudia pipa, mara kadhaa, mpaka weusi ushike. Maji lazima yawe matamu, ya mfereji au ya mvua. Kuna wakati mifereji ya Changamwe ilikauka, kama kawaida yake, tukajaza pipa maji ya kisima. Lango zima la mteja likatoka na madoa ya rangi ya machungwa. Fundi Saidi aliyaonja yale maji kwa ncha ya ulimi, akatema, akasema, "Hii supu." Tangu siku ile mitungi ya maji ya karakana niliionja mimi mwenyewe kabla haijashushwa kwenye mkokoteni, na wauza maji wakaniona mwehu.

Sasa nta. Rangi ya moto ni ngozi nyembamba mno, na hewa yetu ya pwani haiiogopi hata kidogo. Chuma kingali na joto la kuyeyusha nta, lakini si la kuitoa moshi, unakisugua nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani. Inayeyuka, inaingia, kisha unafuta kwa kitambaa safi mpaka kitambaa kisinate. Kazi ikifanywa hivyo, na ikikaa ndani ya nyumba, itadumu. Nje, mkabala na bahari, haidumu, wala msimkubalie mteja yeyote awaambie inadumu. Bwana mmoja wa Likoni alitaka lango la samawati ya moto linalotazama maji. Nilimkatalia, akaenda kwa mafundi wengine wakamfanyia. Baadaye nilipita kwake nikaona lango limekuwa kahawia lote, naye akaniambia bila kupepesa macho kwamba hiyo ndiyo rangi aliyokuwa akiitaka.

Na kati ya moto na nta, mtu asiguse. Kwetu hii ilikuwa sheria hasa, na nyinyi mnaijua kwa sababu nimewapigia kelele sana. Mtu yeyote akifika pembe ya Fundi Saidi wakati chuma kimetoka motoni na hakijatiwa nta, mikono huwekwa nyuma, kama mtoto wa shule mbele ya mwalimu. Mteja aliweka mikono nyuma. Tajiri naye aliweka, na kwa jinsi alivyonuna ungedhani amefungwa kamba. Jasho la kiganja lina chumvi. Ukigusa leo huoni kitu. Kesho asubuhi unakuta vidole vyako vimeota kutu, vyekundu, na mistari yake yote.

Tena mikono haifanani. Tulikuwa na mchomeleaji mmoja, mtu mpole sana, ambaye akigusa chuma asubuhi jioni kimeshaota kutu. Mwenzake angeweza kukikumbatia kutwa nzima na kisitoke kitu. Fundi Saidi hakujua sababu, nami sijui mpaka leo. Likumbukeni hilo, kwa maana ndilo lililonitesa Miritini.

Mzee alipochoka alirudi kwake Kisauni, na mimi nikabaki na ile pembe yenye kivuli. Alipofariki nilikwenda kukaa matangani na wanawake, na wajukuu zake wakaniuliza mimi ni nani. Nikasema ni mwanawe wa kazini. Wakanipa kahawa, wakanikaribisha ndani, hawakuniuliza zaidi.

Pasta Mwaringa alikuja karakana mwaka juzi. Kanisa lao la Miritini lilikuwa jipya, mabati bado yanameta, kando ya barabara ya malori. Alitaka msalaba wa kusimama nyuma ya madhabahu.

"Ule wa kanisa letu la zamani tunaupaka rangi kila Krismasi, Fundi Kache," akaniambia. "Huu nataka chuma kionekane ni chuma."

Nikamtengenezea msalaba mrefu kuliko mimi, wa bamba nene. Niliupa moto mwingi juu na mdogo chini, hivyo kichwa chake kilikuwa samawati, mikono yake zambarau, na karibu na sakafu asali. Nasema bila unyenyekevu kwamba ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Pasta alikuja kuutazama kabla sijaupaka nta. Alisimama mbele yake, mikono nyuma kama tulivyomwagiza, akasema "Bwana asifiwe" kwa sauti ndogo, kisha akatoka nje akajifanya anapiga simu.

Tulipousimamisha kanisani nilimwambia: kitambaa kikavu tu, msitie maji, msitie sabuni. Akaitikia. Naamini aliwaambia wazee wa kanisa. Tatizo ni kwamba wazee wa kanisa hawajawahi kushika kitambaa.

Askofu alikuwa aje Jumapili kuliweka wakfu kanisa. Jumamosi akina mama wakaja kusafisha. Walifagia, wakapiga deki, wakaosha madirisha, kisha wakautazama msalaba. Ulikuwa unanata kidogo kwa vumbi la barabarani lililogandia kwenye nta. Wakafanya kile ambacho kila mwanamke wa pwani hukifanya kwa sufuria anayotaka ing'ae. Wakaleta majivu na kumbi la nazi, wakausugua. Waliusugua vizuri, kwa mapenzi, kwa nyimbo. Nta yote ikatoka. Wakausuuza kwa maji ya mfereji, wakaukausha kwa leso, wakaenda zao.

Akabaki mmoja, Hawe Dama. Hawe kwetu Wagiriama ni nyanya, na kila mtu pale alimwita hivyo, wakubwa kwa wadogo. Alikuwa mjane, kichwa chote mvi, aliyeletwa Miritini na mwanawe Kazungu baada ya mumewe kufariki. Alifagia kanisa lile kwa hiari yake. Wenzake walipoondoka aliweka viganja vyake viwili juu ya chuma, vikiwa na jasho la kazi, akaomba. Aliomba muda mrefu, alivyoniambia baadaye, kwa sababu alikuwa na mengi.

Jumapili, mbele ya askofu na watu waliojaa hadi nje, mikono miwili ilikuwa imetokea kwenye msalaba. Viganja na vidole, vyekundu, kwenye zambarau.

Pasta alinipigia simu Jumatatu. "Fundi, njoo. Msalaba umetoka mikono ya damu."

"Umetoka nini?"

"Njoo uone mwenyewe. Na uje upesi, kuna mtu ataumia."

Kabla sijapata tuktuk, picha ilikuwa imenifikia kwenye simu kutoka kwa mpwa wangu, ambaye hata haishi Miritini. Niliitazama nikajua papo hapo ni nini. Nilicheka, kusema kweli. Nilidhani nitafika, nitaeleza, nitasugua, nitarudi kazini.

Nilikuta watu wamesimama mbele ya kanisa, hawaongei kwa sauti. Pasta alinivuta kando akanieleza. Walipouliza nani aligusa msalaba, akina mama walisema walishika kwa kumbi na kwa leso. Hawe Dama akasema wazi kwamba yeye alishika kwa mikono, na akaonyesha alivyoshika. Vidole vyake vikalingana na alama. Basi, watu wakaanza kunong'ona uchawi na kukumbushana mambo. Aliyewasha moto hasa alikuwa Bwana Katana, mzee wa kanisa, mfanyakazi wa makontena bandarini Kipevu, mtu aliyeheshimika. Mjukuu wake wa kwanza alikuwa amefariki majuma machache kabla, na siku chache kabla ya kuugua mtoto yule alikuwa amepakatwa na Hawe Dama ibadani. Katana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye hakuwa na jibu, na sasa ameletewa moja, tena juu ya msalaba.

Nikamweleza mbele ya watu. Jasho, chumvi, nta iliyotolewa na majivu. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Dada," akasema, "umesema jasho. Hapa Miritini nani hana jasho? Kwa nini itoke mikono yake peke yake?"

"Kwa sababu ndiye peke yake aliyegusa chuma kitupu."

"Hilo ni lako kusema. Wewe ndiye uliyeuuza."

Hapo watu wakaguna kumuunga mkono. Nikaondoka, nikaenda na Pasta hadi kwa Kazungu. Nyumba ni vyumba viwili nyuma ya maegesho ya malori. Usiku uliotangulia mtu alikuwa ametupa jiwe juu ya bati lake. Kazungu alikuwa akifunga vyombo kwa kamba, amrudishe mama yake bara, Kaloleni. Hawe Dama amekaa juu ya mzigo wa nguo, katikati ya ua, mikono mapajani.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye msalaba?"

"Ndiye mimi."

"Ulikuwa mzuri," akasema. "Nisamehe."

Nikamwambia hana cha kusamehewa. Kazungu akanieleza kwa sauti ya chini kwamba hana mahali pengine pa kumpeleka, na anajua kabisa kwamba bara ndiko hatari zaidi, kwa maana huko mvi peke yake inatosha kumletea mtu maneno, na picha ya simu ilikuwa imeshafika kabla yao. Nikamwambia, "Nipe mpaka kesho. Usimtoe leo." Akasema gari limeshaagizwa kwa kesho, si leo. Ndivyo nilivyopata siku moja.

Nilirudi Changamwe mbio. Nikakata bamba lenye upana wa meza ya kulia chakula, nikalipiga grenda, nikalipiga msasa, nikalipa moto mpaka likawa zambarau kama ule msalaba, na sikulitia nta. Tukalifunga kwa vitambaa, tukalipakia, mikono yetu kwenye glavu. Kanisani nikalilaza mbele ya msalaba, nikamwambia Pasta nataka watu waweke viganja. Wote wanaotaka kujua, na Hawe Dama pia.

Wengine walicheka, wengine walirudi nyuma. Pasta aliweka wa kwanza, na hilo sitalisahau, kwa kuwa waumini wake walikuwa wakimtazama kama mtu anayeshika nyoka. Kisha nikamgeukia Katana.

"Umeniambia ni langu kusema. Basi weka wewe, chuma kiseme."

Akaitazama mikono yake. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kifupi, mnyororo wa bandarini ulikichukua hadi kwenye kiungo. "Na usipotoka wangu?" akauliza.

"Hapo utakuwa na haki ya kuniita mwongo."

Akaweka. Baada yake wakaja wengi, akina mama na madereva wawili wa malori ambao hata si wa kanisa lile. Kabla hawajaweka niliwasimamisha wote juani watoke jasho, mpaka wakaanza kulalamika, nikamkataza kila mtu kunawa. Hawe Dama aliletwa na mwanawe. Aliweka mkono wake pembeni kabisa, kidogo tu, akauondoa upesi kana kwamba bamba bado lina moto.

Kanisa likafungwa kwa kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa Pasta, mmoja kwa Katana. Hilo alilitaka Katana mwenyewe, nami nikalifurahia, isije ikasemwa baadaye kwamba nimeingia na chupa ya siki.

Nikarudi nyumbani, na hapo ndipo hofu iliponishika vizuri. Nyinyi mnajua nilichokuwa nakijua. Mikono haifanani. Je, kama Hawe Dama ndiye yule mpole wetu wa karakana, na hao wengine wote ni wale wanaokumbatia chuma kutwa nzima? Je, kama kutatokea mkono mmoja tu? Mimi ndiye ningekuwa nimewaandalia ushahidi, mzito, wa chuma, wa kupigwa picha vizuri. Nilipika chakula nikakiacha kwenye sufuria. Niliomba, na mimi si mwombaji mkubwa. Nikaomba jasho. Nikaomba unyevu hewani. Nadhani hakuna mtu mwingine katika Mombasa nzima aliyemwomba Mungu kutu siku ile.

Asubuhi watu walikuwa wamefika kabla yangu. Pasta akafungua kufuli yake, Katana akafungua yake. Mimi nilibaki mlangoni. Niliwaona wakienda mbele, wakiinama, nikajiambia ndiyo hivyo, umemmaliza yule mama.

Kisha sauti ya mwanamke ikasema, "Huo si wako, ni wangu. Wako mnene."

Nikaenda mbio. Bamba lote lilikuwa limejaa mikono. Myekundu, ya kahawia, mingine imekolea, mingine imefifia, imepandana. Wa Pasta ulionekana wote. Wa mmoja wa madereva ulikuwa mbaya sana, ungedhani alichovya kiganja kwenye redoksaidi. Wa Hawe Dama ulikuwa pale pembeni, mdogo, hafifu, usiopita wengine kwa lolote. Wachache walitafuta mikono yao hawakuiona, nao wakaanza kununa kama watu walionyimwa kitu.

Katikati ya bamba palikuwa na mkono wa kulia wenye kidole kifupi. Katana alikuwa amechuchumaa mbele yake. Aliweka kiganja chake juu ya ile alama, taratibu, kikaenea. Akakaa hivyo. Hakuna aliyemcheka.

"Huu wangu," akasema.

Mimi nikakaa kwenye benchi la mbele nikalia, kwa sauti, leso mdomoni, na sikuona haya. Nimewahi kumaliza kazi ngumu nyingi nikashukuru. Ile ilikuwa tofauti. Ilikuwa kama mtu ameniondolea bamba lile lote kifuani. Msalaba niliurekebisha juma lile lile, msasa, moto, nta, na safari hii maagizo niliwapa akina mama wenyewe, wala hilo halina hadithi.

Katana ndiye aliyetoka wa kwanza kuelekea kwa Kazungu, tukamfuata. Gari lilikuwa limeshafika, godoro limeshapakiwa. Hawe Dama alikuwa bado amekaa juu ya mzigo wake, na alipotuona wengi namna ile akashika ukingo wa leso yake kwa mikono yote miwili. Kazungu akasimama mbele yake. Alidhani tumekuja kwa ubaya, na tulivyokuwa tumejazana uani simlaumu.

"Hodi, Hawe," Katana akasema.

Hakumkaribisha. Alimngoja.

"Mkono wangu nao umetoka. Imetoka ya watu wengi. Ni jasho tu, kama fundi alivyosema. Nimekukosea."

Watu wote wakafikiri mama yule atasema haya basi, yameisha, maana ndivyo wazee husema.

"Na mtoto, Katana?" akauliza. "Bado wadhani ni mimi?"

Niliona uso wa Katana ukivunjika. Hilo lilikuwa gumu kwake kuliko bamba. Alama za mikono alikuwa ameshaziacha kanisani, lakini kifo cha mjukuu wake bado alikuwa anakiweka mikononi mwa yule mama, na kumwachilia Hawe Dama kulimaanisha abaki na msiba mtupu, usio na mtu wa kuulaumu. Machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke mbele ya waumini wenzake.

"Mtoto aliugua, Hawe," akasema. "Aliugua tu."

"Aliugua," yule mama akakubali. "Nami nililia sana. Hamkuniona kwa sababu siku ya matanga mlikuwa mmenifungia mlango."

Katana akaenda kwenye gari, akalishusha godoro, akalibeba mwenyewe kichwani hadi ndani. Hawe Dama akainuka polepole kutoka kwenye mzigo, akajinyoosha kiuno, akamwambia mwanawe, "Fungua hizo kamba, Kazungu. Toa sufuria kwanza, watu hawa hawajanywa chai."